Mwezi mwandamo wa Lamu: Mtengenezaji filamu alipojigeuzia kamera

Ndugu msomaji, mada yetu ya leo ni filamu, na najua wapo wazee wangu hapa Mpendae watakaouliza filamu na ukurasa wa Ijumaa vimekutana wapi. Vimekutana Lamu.

Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki wa Kenya, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu wa Ethiopia, Meles Zenawi, walisimama Lamu kuzindua ujenzi wa bandari kubwa ambayo mpango wake ulikuwa na magati 32, pamoja na barabara, reli na bomba la mafuta la kuelekea nchi hizo mbili jirani. Mradi huo ndio unaojulikana kwa jina la LAPSSET. Mahali penyewe ni kwenye ghuba ya Manda, si mbali na mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mwaka mmoja tu baada ya Mji Mkongwe wetu wa Unguja. Mji wa vichochoro, punda na misikiti ukaambiwa kuwa utapata jirani mpya, mwenye meli kubwa na malori. Wavuvi wakaanza kuihofia mikoko yao, matumbawe yao na mazalia ya samaki.

Huko ndiko alikokwenda Philippa Ndisi-Herrmann, mpiga picha na mtengenezaji filamu wa Kenya. Nia yake ilikuwa kutengeneza filamu ya matukio halisi, si ya maigizo, juu ya bandari ile na namna itakavyoyabadilisha maisha ya watu wa kisiwani. Lakini kadiri alivyokaa na watu wa Lamu, aliyeanza kubadilika ni yeye. Aliuendea Uislamu kwa mlango wa tasawwuf, akasilimu, na ile filamu aliyokuja kuitengeneza ikamponyoka mikononi. Mwishowe akaigeuza kamera, akawa yeye mwenyewe ndiye anayetazamwa. Filamu hiyo, New Moon, yaani mwezi mwandamo, ilitoka mwaka 2018, na mwaka huo huo Tamasha la Kimataifa la Filamu la Durban, Afrika Kusini, likaipa tuzo ya filamu bora ya matukio halisi.

Jina lenyewe linatuhusu sisi watu wa pwani kuliko mtu mwengine yeyote. Ni nani asiyejua namna tunavyovutana kila mwaka juu ya mwezi mwandamo, wa kuonekana hapa hapa au popote ulimwenguni, hata ikawa katika nyumba moja baba amefunga na mtoto amekwenda kuswali Idi? Mwezi huo ni mwembamba, hukaa kidogo tu baada ya jua kuchwa, kisha ukatoweka. Aliyeuona hutakiwa ende mbele za watu akatoe ushahidi, na watu humtazama: ni nani huyu, anaaminika, macho yake yako vipi? Mtu anayetengeneza filamu juu ya mtikisiko wa nafsi yake yuko katika hali hiyo hiyo. Anasema, mimi nimeona, na hana shahidi wa pili.

Sasa tuutazame mtikisiko wenyewe, maana ulikuwa wa aina mbili kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni wa moyo, nao tunaufahamu. Wa pili ni wa kazi, na huu aghalabu hatuufikirii. Mtengenezaji wa filamu za namna hii huanza kwa kuandika mpango wake, akauombea fedha, akawaambia wafadhili na wenzake kuwa nitafanya hili. Akifika katikati ya njia akaona kuwa moyo wake uko kwengine, ana njia rahisi mbele yake: aimalize filamu ile ile aliyoiahidi, aweke bahari, aweke mitambo, aweke mvuvi mmoja mwenye uso wa huzuni, na asiseme neno juu ya yaliyompata yeye. Hakuna ambaye angemlaumu, na pengine angepongezwa. Filamu hiyo isingekuwa na uongo hata mmoja ndani yake, na bado ingekuwa imeficha jambo kubwa zaidi lililotokea mbele ya kamera. Kuikataa njia hiyo ni ujasiri, na mimi nauheshimu.

Hata hivyo iko hoja ya upande wa pili ambayo sipendi kuipuuza. Wavuvi wa Lamu walikuwa na shida ya kweli, na mtu anaweza kusema kuwa wamepokonywa kamera ili imtazame mgeni. Kesi yao ilikuwa mahakamani tangu mwaka 2012. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Kenya huko Malindi iliamua kuwa haki zao zilivunjwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Gati la kwanza la bandari likafunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Haya ni mambo mazito kuliko habari ya moyo wa mtu mmoja, kwa kipimo cha tumbo na mfuko. Jibu langu ni kwamba bandari ina mawakili, wahandisi, majaji na waandishi wa kuieleza, bali kilichotokea ndani ya kifua cha mtu hakina mwandishi mwengine isipokuwa yeye. Lakini simlaumu mvuvi wa Lamu ambaye jibu hili halimtoshi.

Wala tusistaajabu kuwa jambo hili lilitokea Lamu. Mji ule una desturi ya muda mrefu ya kumpokea mtu kutoka nje na kumweka karibu. Habib Swaleh, yaani Sayyid Saleh bin Alawi Jamalil-Layl, alikuwa mzaliwa wa Ngazija. Alifika Lamu angali kijana katika karne ya kumi na tisa, akawafundisha dini watu ambao wakubwa wa mji hawakuwaona kuwa wanastahiki darsa: watumwa, wazao wa watumwa, wageni na mafukara. Alipata upinzani kwa ajili hiyo, akaendelea, na ndipo ukasimama Msikiti wa Riyadha, ambao Maulidi yake huwakusanya watu wa pwani yote, na wa hapa kwetu Unguja wamo. Hata kadhi wetu mkubwa Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyefariki Unguja mwaka 1925, naye alizaliwa Ngazija. Bahari hii imekuwa ikiwaleta watu kwenye milango ya wenzao kabla hapajakuwa na pasi wala uhamiaji. Najua kuwa tasawwuf na maulidi ni maneno yanayowagawa Waislamu wa leo, na kila upande una dalili zake. Ubishi huo una siku yake, na siyo Ijumaa hii.

Suali ambalo familia nyingi zitaliuliza ni jengine: je, ni halali na ni adabu mtu kuyaanika ya ndani yake mbele ya ulimwengu? La picha kwanza tulipite haraka. Wanazuoni wamekhitalifiana tangu kamera ilipoingia katika miji ya Waislamu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914, aliandika risala ya kuijuzisha picha ya kamera kwa hoja kwamba huko ni kukizuia kivuli na siyo kuumba, na wapo wengine wakubwa walioikataa. Leo hata anayeikataa anayo katika pasi yake ya kwendea Hijja.

Zito zaidi ni suala la sitara. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (RA), Mtume (SAW) amemlaumu mtu anayefanya ovu usiku, Mwenyezi Mungu akamsitiri, kisha asubuhi yeye mwenyewe akaenda kuwahadithia watu kuwa jana nimefanya kadha na kadha. Mtu huyo ameivua nguo ambayo Mola wake alimvisha. Na Surat al-Hujurat imekataza kupelelezana na kusengenyana, wala haikusema kuwa makatazo hayo hayamhusu mwenye kamera. Kwa hiyo anayesimulia maisha yake anatembea baina ya mipaka miwili: asijisifu kwa dhambi zake, na asizitoe siri za wengine kwa kisingizio kwamba anasimulia yake.

Lakini kusimulia namna moyo ulivyotikisika si kujisifu kwa dhambi, na ushahidi wa hilo umo katika vitabu vile vile viwili. Tumtazame Kaab bin Malik (RA). Huyu alikuwa Ansari na mmoja wa washairi watatu wa Mtume (SAW), mtu ambaye maneno ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Katika mwaka wa tisa wa Hijra, jeshi lilipotoka kwenda Tabuk, ilikuwa wakati wa joto kali na matunda yameiva. Kaab hakuwa na udhuru wa maradhi wala wa ufukara. Mwenyewe ameeleza kuwa hajapata kuwa na nguvu na nafasi kama siku zile. Kila siku alisema nitajitayarisha kesho, na kesho ikipita. Jeshi likaenda, yeye akabaki Madina, akitembea njiani asione ila wanafiki na wanyonge.

Mtume (SAW) aliporudi, watu zaidi ya themanini wakaja na nyudhuru zao, naye akazipokea kwa dhahiri yake na ya ndani akamwachia Mwenyezi Mungu. Ikafika zamu ya mshairi. Ameeleza Kaab kuwa lau angelikuwa mbele ya mtu mwengine yeyote wa dunia hii angelitoka kwa maneno, kwani alijaaliwa ufasaha wa kujitetea. Siku ile akauweka ufasaha wake chini na akasema kweli, kwamba hakuwa na udhuru wowote. Yeye na wenzake wawili waliosema kweli, Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya, wakasuswa siku khamsini. Alikuwa akitoa salamu asijue kama imejibiwa. Aliparamia ukuta wa shamba la binamu yake Abu Qatada, mtu aliyempenda kuliko wengi, akamsalimia, asijibiwe. Ardhi aliyoizoea akaiona siyo ile. Katika hali hiyo ikamjia barua ya mfalme wa Ghassan ikimwita ende akakirimiwe huko. Akaichukua mpaka kwenye tanuri na kuichoma.

Yote haya, ndugu msomaji, tumeyajua kwa sababu Kaab mwenyewe ameyasimulia, na mpokezi wake ni mwanawe Abdullah, aliyekuwa akimwongoza baba yake kwa mkono baada ya kuwa kipofu. Kisa kirefu kuliko vingi katika vitabu vya Hadithi, cha mtu kuikhalifu nafsi yake, kuaibika na kurejea, kilipita kwanza baina ya mzee na mtoto wake. Mtoto hakumwambia baba yake nyamaza, mambo ya aibu hayo. Wala mzee hakujipamba mbele ya mtoto.

Baada yake, Imamu Ghazali naye aliandika juu ya kuanguka kwake. Alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad, anayesikilizwa na mamia ya wanafunzi, akaona kuwa elimu ile alikuwa akiitoa kwa ajili ya jaha na jina. Katika Rajab ya mwaka 488, sawa na 1095, ulimi wake ukafungwa. Alitaka kufundisha neno likakataa kutoka, chakula kikamshinda, na matabibu wakakata tamaa, wakisema maradhi yameanzia moyoni. Mambo hayo aliyaandika katika kitabu chake cha Al-Munqidh. Lakini angalia kuwa alikiandika akiwa amevuka umri wa miaka khamsini, baada ya kutangatanga Sham, Quds na Hijaz na baada ya kurudi tena kufundisha Naisapuri mwaka 499. Miaka zaidi ya kumi ilipita kati ya kidonda na kalamu.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya filamu kama hii ya Lamu na mambo tunayoyaona katika simu za vijana wetu. Filamu inapigwa, inakatwa, inatazamwa tena, inatupwa nusu yake. Mwenyewe ana wakati wa kujiuliza kama hili ni langu kulisema au ni la jirani yangu. Kijana wa Mpendae aliyegombana na mamaake baada ya Isha, ugomvi huo uko hewani kabla chungu hakijateremshwa jikoni, na machozi ya mama yamo humo, naye hakuombwa ruhusa. Kaab alikuwa na haki ya kusimulia habari ya Kaab. Hata wale themanini waliosema uongo hakuwataja kwa majina, na hilo wazazi wanaweza kuwaonesha watoto wao bila ya kutukana simu wala kuivunja.

Lakini tusiwaangalie vijana peke yao. Visiwa vyetu vimepata kuwa na mtu aliyesimulia maisha yake kwa ulimwengu, karne nzima na zaidi kabla ya filamu hii, na safari yake ilikwenda kinyume. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa katika kasri ya Mtoni mwaka 1844. Alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana walifundishwa kusoma tu. Mwaka 1866 aliikimbia Unguja, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Akabatizwa Aden mwaka 1867, akaolewa huko na kwenda Hamburg. Mume akafa mwaka 1870 kwa ajali, akabaki mjane na watoto watatu katika nchi ya baridi. Kumbukumbu zake alizichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886. Ziko pia barua ambazo ndani yake aliueleza upweke wake wa huko kwa uwazi zaidi kuliko katika kitabu, na hizo hazikuchapishwa katika uhai wake. Alikufa mwaka 1924.

Sitetei kutoka katika Uislamu, na hakuna Mwislamu atakayetaraji nitetee. Ninalolitazama ni mlango. Mwaka 1885 alirudi Unguja, na kaka yake Sayyid Barghash hakukubali hata kumwona, akarudi tena mwaka 1888. Alipita katika vichochoro vya Mji Mkongwe kama mtalii, na raia wakimsalimia kwa lugha aliyozaliwa nayo. Ilikuwa ndani yake siasa ya Wajerumani na madai ya urithi, ni kweli, na Barghash alikuwa na sababu za kujihadhari. Lakini katika miaka kumi na tisa baina ya kuondoka kwake na kurudi kwake mara ya kwanza, hakupatikana mtu wa nyumba yake wa kukaa naye na kumuuliza: yamekupata nini? Aliyoyasema aliwasemea Wajerumani, kwa Kijerumani.

Hapa mtaani kwetu, mtu anaposilimu siku ya Ijumaa msikiti hutikisika kwa takbira. Watu humkumbatia, wengine humpa kofia na kanzu, wakampa na jina. Jumatatu yake hana anayempigia hodi. Ikiwa ni mwanamke ndiyo zaidi, maana takbira ile haimfikii ipasavyo na shughuli za kinamama zina wenyeji wake. Jamaa zake wa zamani wamemtenga, na hawa wapya wameridhika kuwa idadi imeongezeka. Wengi wao wana mambo ya kusimulia ambayo yangetufaa kuliko hotuba zetu, lakini hawana wa kuwasikiliza, na asiyepata sikio nyumbani atalitafuta ugenini.

Vivyo hivyo kwa watoto tuliozaa wenyewe. Kijana akinyamaza mwezi mzima, akaacha chuo na skuli, neno la kwanza huwa ni hasad au shetani, na safari ya kwanza ni kwa mganga. Visomo vina nafasi yake, na dua ni silaha ya Muumini. Lakini Ghazali, na elimu yake yote, aliwaruhusu matabibu wamtazame. Hospitali ya Kidongo Chekundu ipo, na kumpeleka mtu huko kwa maradhi ya akili si aibu zaidi ya kumpeleka kwa maradhi ya kifua. Na mtikisiko mwengine si maradhi kabisa; ni mtu anayetafuta njia, naye anahitaji mzee mmoja mwenye subira, kikombe cha chai, na muda ambao hauangalii saa.

Kaab bin Malik (RA) alipokuwa amekaa juu ya paa la nyumba yake, asubuhi ya siku ya khamsini, alisikia sauti ya mtu juu ya jabali la Sali akimpigia ukelele kwamba apate bishara. Toba yake ilikuwa imeteremshwa. Aliyemletea habari alimvulia nguo zake mbili, naye hakuwa na nyengine, akaazima nguo za kwendea msikitini. Alipoingia, watu walikuwa wamekaa wamemzunguka Mtume (SAW). Akainuka Talha bin Ubaidullah peke yake, akamkimbilia, akampa mkono na kumpongeza. Kaab, alipokuwa mzee asiyeona, akimsimulia mwanawe, alisema kuwa hakuna mwengine katika Muhajirina aliyesimama kwa ajili yake siku ile, na kwamba jambo hilo la Talha hakulisahau kamwe.